Mafuta Yako Katikati

Kibwana Pazi hakuwa mtu wa kuchukia watu ovyo. Alichagua. Na tangu Chiriku alipoingia kwenye shamba la mkonge pale Kiromo, alikuwa amemchagua mtu mmoja tu, fundi Pantaleo, akamchukia kwa bidii ileile aliyoitumia kung'arisha taa za gari lake.

Tuseme gari lake, ingawa halikuwa lake. Lilikuwa la Bwana Stavro, Mgiriki mwenye shamba, aliyeliagiza kutoka Italia mwaka wa ishirini na nane, enzi ambazo mkonge ulimfanya kila mwenye shamba ajione mfalme mdogo. Lilikuwa gari la mbio, jekundu, la watu wawili, lenye pua ndefu iliyofungwa kwa mkanda wa ngozi, na madigadi membamba yaliyochomoza huku na huku. Watu wa Bagamoyo walipoyaona madigadi yale walisema ni mirengu, yale mabawa ya ngalawa, basi gari likaitwa Ngalawa. Bwana Stavro aliliendesha mwenyewe mpaka macho yalipoanza kumsumbua, kabla ya vita. Tangu hapo usukani ukawa wa Kibwana, na hakuna mtu mwingine aliyepata kukalia kiti kile. Hata kuliosha hakumwachia mtu. Mkewe, Ashatu, alikuwa akisema mbele ya majirani kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa analala gereji.

Chiriku alikuja baada ya vita. Mpwa wa Bwana Stavro alimleta, kijana aliyekaa shambani kwa muda, akachoshwa na mbu, akarudi kwao na kuliacha gari. Nalo lilikuwa la mbio, lakini la Kiingereza, la kijani, dogo, la kuwaka kwa kubonyeza swichi bila kuhangaika na hendeli. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya harakaharaka, na jina likaja lenyewe. Pamoja na Chiriku akaja Pantaleo wa kumtunza, mtu aliyesomea ufundi misheni, mzaliwa wa Bagamoyo lakini Mnyamwezi wa asili, maana babu yake alifika pwani na msafara wa pembe na hakurudi tena bara.

Kibwana ni Mzaramo. Kwa hiyo wawili hawa walikuwa watani hata kabla hawajaonana sura, na utani una sheria zake: mtani anakutukana, anakucheka msibani kwako, anachukua kofia yako kichwani anakwenda nayo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, umejiaibisha mwenyewe. Kwa mtu mwenye chuki, hakuna kichaka kizuri kama hicho. Kibwana aliingia humo akatulia.

Pantaleo alikuwa na tumbo. Halikuwa la kutisha, lilikuwa tumbo la mtu mzima ambaye mkewe, Marselina, anajua kupika. Kibwana alilifanya mradi. Kila asubuhi alimuuliza anatarajia kujifungua lini. Aliwaambia wafanyakazi wa korona, yaani mashine ya kukamua mkonge, kwamba mafuta ya magari yanayopungua stoo yasitafutwe mbali, yote yapo katikati ya Pantaleo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na tangu siku hiyo Pantaleo akipita tu, mtu mmoja lazima aseme "mafuta", na wengine wamalizie "katikati". Pantaleo naye hakuwa bubu. Alimwita Kibwana korongo kwa sababu ya miguu yake myembamba, na akashauri Ngalawa ipelekwe Kaole ikazikwe kwenye makaburi ya Washirazi, na Kibwana ashike udhu aiombee. Wote wakicheka. Ukiwatazama kwa mbali ungesema ndugu.

Mambo yaliharibika siku pampu ya maji ilipokufa. Korona bila maji haikamui kitu. Kibwana alikuwa amesimama nje ya dirisha la ofisi akisubiri kutumwa, akamsikia Pantaleo ndani akimweleza Bwana Stavro kwa sauti ya kikazi, taratibu, bila kicheko hata chembe. Alisema injini ya Ngalawa ni kubwa na bado ni nzima. Ikatolewe, ikafungwe kwenye saruji pale karibu na birika, itavuta maji kwa miaka mingi. Bodi liuzwe chuma chakavu.

Hapo hapakuwa na utani. Mtu anayekutania anakutazama usoni. Huyu alikuwa ndani, mlango umefungwa, anasema maneno ya kweli. Kibwana alihisi kama amekatwa mguu na mtu aliyemgeuzia kisogo. Injini ile, ambayo alikuwa akiisikiliza kila asubuhi kabla hajasikia sauti ya mkewe, ikamwagie maji majani ya mkonge. Alirudi nyumbani hakula.

Bwana Stavro alikuwa amezeeka na hakupenda maamuzi. Alisema hana haja ya magari mawili ya kukimbia wakati haoni vizuri hata anakokwenda. Atabakiza moja. Yashindanishwe Jumamosi baada ya kazi, lililo bora likae gereji. Chiriku akishindwa atauzwa Dar es Salaam. Ngalawa ikishindwa, injini itakwenda kwenye pampu kama fundi alivyosema.

Jumamosi ilipofika, shamba zima lilikuwa barabarani. Walianza na mchanga wa njia ya kwenda pwani, Kibwana kwenye Ngalawa, Pantaleo kwenye Chiriku. Magurudumu ya Ngalawa, marefu na membamba, yalikata mchanga yakapita, na Chiriku akalala kwa tumbo katikati ya njia mpaka wakamtoa kwa kusukuma. Kibwana alipiga kelele kwamba gari limemfuata bwana wake kwa kitambi. Kisha wakashika barabara ya Mapinga. Kwenye nyoofu Ngalawa ilimwacha Chiriku akila vumbi, lakini zilipoanza kona ikawa kazi. Ngalawa ilihitaji njia yote, huku na huku, Kibwana akipambana na usukani kwa mabega, na Chiriku akapita ndani ya kona kana kwamba hakuna kona. Wakarudi shambani wamelingana. Kibwana jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye soksi, na Pantaleo alikuwa amevaa shati kavu. Hilo shati kavu lilimuudhi kuliko kona zote.

Likabaki jambo la mwisho, breki. Pale shambani kuna mteremko unaotoka stoo ya singa, zile nyuzi za mkonge, hadi kwenye reli ya matroli, na ng'ambo ya reli lilikuwapo birika la maji, la mawe na saruji. Bwana Stavro aliamuru mstari wa chokaa uchorwe kabla ya reli, akasimama pembeni yake na mwavuli. Gari literemke kutoka juu, lisimame kwenye mstari. Chiriku akasimama kwenye mstari. Ngalawa nayo ikasimama kwenye mstari, ingawa Kibwana alikanyaga breki, akavuta hendibreki iliyoko nje ya mlango, akarudisha gia, na kusema bismillahi, vyote kwa pamoja.

Bwana Stavro alijikuna kidevu. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, cha amri. "Mimi hapana jua," alisema, "nzuri gari au nzuri dereva. Badilisha."

Kwa hiyo Kibwana akaingia kwenye Chiriku. Ya kupachika gia na kukanyaga aliyajua, maana alikuwa akiendesha pia lori la shamba. Alikuwa amejiandaa kulidharau. Aliliachia likateremka, akangoja mpaka mstari umefika karibu, akakanyaga kwa hasira ili wote waone linavyoyumba. Halikuyumba. Lilisimama kwa upole, bila mguno, pua yake juu ya chokaa kabisa, na mguu wa Kibwana ulikuwa haujafika hata nusu ya safari. Alikaa pale ameshika usukani mdogo, watu wakimpigia makofi, na ukweli ukamkaa kifuani. Ngalawa haikupata kusimama hivi hata ilipokuwa mpya. Breki za Ngalawa zilikuwa yeye mwenyewe, mguu wake, mkono wake na masikio yake. Akikaa mwingine, mstari utapitwa, na Jumatatu msumeno utaingia kazini.

Alipanda mteremko kwa miguu. Mtu akitaka kumtetea atasema hakuwa na akili zake sawasawa. Mimi simtetei. Akili zilikuwapo.

Ngalawa ilikuwa imeshawashwa juu pale, inanguruma. Pantaleo alikuwa akijibana kuingia. Usukani wake ulikuwa mkubwa kama ungo, na kati ya usukani na kiti palikuwa na nafasi ya korongo, si ya Pantaleo. Wafanyakazi wa korona walikuwa wamejaa pande zote mbili, wanacheka, wanashauri asukumwe. Alipokwishaingia, tumbo liligusa usukani, na chini ya pua ile ndefu mlikuwa giza. Kuiona miguu yake mwenyewe hakuweza.

Sasa, kuna jambo ambalo pale juu alilijua Kibwana peke yake. Wataliani waliounda magari yale ya zamani walipanga pedeli kwa akili yao. Klachi kushoto kama kawaida, lakini mafuta yako katikati na breki iko kulia. Kwenye Chiriku, kwenye lori, kwenye kila gari ambalo Pantaleo alipata kulikanyaga, mambo ni kinyume. Bwana Stavro aliwahi kulijua jambo hili, lakini alikuwa chini na mwavuli wake, na kwake mambo ya pedeli yalikuwa yamekwisha zamani.

Kibwana alijua kwamba lazima aseme. Hilo halikumpita. Alishika mlango, akainama, na maneno yalikuwapo mdomoni tayari: breki kulia. Mtoto mdogo angeyaelewa. Lakini Pantaleo aliinua uso, shati lake bado kavu, akasema kwamba gari hili linanuka uzee, na pampu italinyoosha.

Kibwana akajinyoosha. Akasema kwa sauti ya kufika kila upande, sauti yake ileile ya kila asubuhi:

"Pantaleo, mafuta yako katikati."

Mteremko mzima uliangua kicheko. Wale wa kushoto waliyarudia, wale wa kulia wakayaitikia, na mtu mmoja alilala chini kabisa. Pantaleo naye alicheka. Alijipiga tumbo makofi mawili. "Na yako yako wapi, korongo?" akasema, akapachika gia.

Nafasi ilikuwapo. Gari lilianza kutambaa taratibu, na Kibwana alikuwa bado ameshika mlango. Alitembea nalo hatua kadhaa. Angeweza kusema. Badala yake aliachia mlango akarudi nyuma, na moyoni alisema kwamba yeye ameshasema.

Ngalawa iliteremka yenyewe, nzito, bila kuhitaji mafuta. Karibu na chokaa Pantaleo akaweka mguu pale ambapo miaka yote aliikuta breki. Injini ikapiga yowe. Mtu anayetaka gari lisimame likakataa, anakanyaga zaidi, na Pantaleo alikanyaga zaidi. Ngalawa haikuwa imekwenda vile tangu enzi za ujana wa Bwana Stavro. Ilipita chokaa, ikaruka reli, ikaingia kwenye birika kwa pua yake yote. Maji yalimwagika juu ya watu waliokuwa wakikimbia kuokoa, na kicheko kilikuwa bado hakijawatoka vizuri midomoni.

Hospitali, mguu wa kulia wa Pantaleo ulikatwa chini ya goti.

Askari alikuja kuuliza. Bwana Stavro naye aliuliza, kwa masikitiko na kwa woga. Na watu wote, wale wale waliolala chini kwa kicheko, waliyageuza maneno ya Kibwana mikononi mwao, wakakuta yana upande wa pili. Mafuta yako katikati. Lo, kumbe alimwambia. Alimwambia waziwazi mbele ya watu, mwenziwe akadhani utani. Masikini, nani wa kulaumiwa? Wengine walifika hadi kumpa Kibwana mkono wa pole. Aliupokea. Ashatu peke yake ndiye aliyemtazama kwa muda mrefu usiku ule wakati anampakulia.

Ngalawa ilipinda uti wa mgongo. Madigadi yaling'oka, pua ikakunjamana, ila injini, kwa ukaidi wake ule wa siku zote, ilitoka nzima. Birika lilijengwa upya na injini ikafungwa kando yake kwenye saruji. Chiriku akabaki gereji peke yake. Na kwa kuwa Pantaleo alikuwa hospitali, funguo za Chiriku alipewa Kibwana.

Ashatu ndiye aliyemsukuma aende kumtazama mgonjwa. Mtani gani huyu asiyekwenda hospitali? Mtani ndiye wa kwanza kufika, tena huingia na makelele, humwambia mgonjwa amejilaza kwa uvivu tu, mpaka mgonjwa acheke na ndugu zake wapumue. Watu wanamngoja. Kwa hiyo akaenda, na mkungu wa ndizi begani.

Marselina alikuwa ameketi kando ya kitanda akishona soksi. Alipomwona Kibwana alifurahi hasa, akamwachia kiti, akasema afadhali umekuja, huyu hasemi na mtu, labda wewe utamchokoza azungumze. Kibwana alivuta pumzi akaanza. Mbeba pembe, alisema, pembe ziko bandarini zinakungoja na wewe umelala kwenye shuka za serikali. Marselina alicheka. Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka. Pantaleo hakucheka. Alikuwa amekonda, na lile tumbo lilikuwa limekwisha kabisa.

"Kibwana," alisema. "Siku ile, kama aliyekaa kwenye kile kiti angekuwa mwanao, ungemwambiaje?"

Wodi nzima ilikuwa inasubiri mzaha mwingine. Kibwana alitafuta mmoja. Aliyatazama mashuka, pale yalipoinuka kwa mguu mmoja na kulala tambarare upande wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliogopa. Uongo ulikuwa mwepesi, lakini macho ya Pantaleo yalikuwa usoni kwake, hayakuondoka.

"Ningemwambia breki kulia," alisema.

Pindo la soksi likamponyoka Marselina mkononi. Pantaleo aliitikia kwa kichwa polepole, kama fundi aliyepata hitilafu pale alipokuwa ameihisi.

"Nami ndivyo nilivyofikiri. Basi utani wetu umeishia hapa. Babu zetu waliuanza, mimi na wewe tumeumaliza. Nenda salama."

Kibwana alitaka ugomvi. Angefurahi kutukanwa tusi la kweli, la mama, hata kurushiwa bakuli. Hakupata kitu. Alitoka akiwa ameuacha mkungu wa ndizi sakafuni, na baadaye alisikia kwamba Marselina aliwagawia wagonjwa wengine, nyumbani kwao haikuingia hata moja.

Pantaleo alirudi kazini mvua za vuli zilipoanza, akitembea kwa magongo. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kukaa, ya kuangalia pampu. Kwa hiyo kila siku, tangu alfajiri, injini ya Ngalawa ilinguruma chini ya mkono wa Pantaleo, na Kibwana alikuwa na shati kavu ndani ya Chiriku. Injini ilitunzwa vizuri, hilo hakuweza kulikataa. Ilikuwa na sauti safi kuliko alivyokuwa akiipata yeye.

Maji ya rejeta yalichotwa hapo hapo kwenye birika, hapakuwa na pengine. Asubuhi ya kwanza Kibwana alikwenda na debe lake, na mbele ya wafanyakazi wa korona akapaza sauti ileile ya zamani, akamwambia mbeba pembe kwamba sasa hivi amekonda, mafuta yote kampa nani? Wafanyakazi walishaanza kufungua midomo. Walimtazama Pantaleo ili wapate pa kuchekea.

Pantaleo aliweka spana chini. Alitafuta magongo yake, akajiinua taratibu mpaka akasimama wima, kama mtu anavyomwinukia mgeni asiyemjua.

"Habari za asubuhi, Bwana Kibwana," alisema kwa adabu kamili. "Karibu maji."

Midomo ikafungwa mmoja mmoja. Kila mtu pale alikuwa na watani, na kila mtu alijua mtani haambiwi Bwana. Wakamtazama Kibwana upya, kisha wakaanza kuyatazama maneno yale ya mteremkoni upya, na safari hii hawakuhitaji askari awaulize. Kibwana aliinama akajaza debe. Kesho yake alirudi, akasalimiwa vilevile, na keshokutwa pia, na mpaka shamba lile linauzwa hakuna asubuhi hata moja Pantaleo alimnyima salamu.